Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni na elimu nchini Uganda: mafundi wetu wapewe wanafunzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Uganda,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari huku Hoima, kuhusu jambo ambalo liko chini ya dhamana yenu nyote kwa pamoja na ambalo, kwa sababu hiyo hiyo, ni rahisi kila mmoja kudhani kwamba mwenzake analishughulikia. Jambo lenyewe ni maarifa ya asili ya jamii za nchi hii, yaani ujuzi wa kazi, wa tiba, wa ardhi na wa sanaa ambao haukutoka vitabuni, na ambao sasa unaondoka pamoja na wazee wanaoujua.

Sisemi kwamba hamjafanya lolote. Tangu Uganda iridhie mwaka 2009 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, nchi yetu imeingiza mambo 5 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: muziki wa bigwala wa Wasoga mwaka 2012, majina ya empaako, yaani majina ya heshima na upendo, ya Wanyoro, Watooro na jirani zao mwaka 2013, sherehe ya Walango ya kumtakasa mtoto wa kiume mwaka 2014, masimulizi ya Koogere, mtawala mwanamke wa kale, mwaka 2015, na muziki wa kinubi wa Wamadi mwaka 2016. Kabla ya hapo, utengenezaji wa nguo za magome ya mti ulitangazwa mwaka 2005 na kuingia katika orodha wakilishi ya dunia mwaka 2008. Kuandaa maombi ya namna hiyo si kazi ya mchezo, na waliohangaika nayo wanastahili shukrani. Hata hivyo, neno "haraka" limo katika jina la orodha yenyewe, na zaidi ya miaka 10 imepita tangu bigwala iorodheshwe. Ninachokiomba kwenu ni kwamba hatua inayofuata isiwe orodha nyingine wala kongamano jingine, bali fedha na sheria zimfikie yule anayejua, akiwa bado na nguvu za kumfundisha asiyejua.

Nianze na bigwala, kwa kuwa muziki huo unaonyesha tatizo lilivyo kuliko maelezo yoyote. Bigwala hupigwa kwa mabaragumu ya vibuyu, 5 au zaidi, na kila baragumu hutoa sauti moja tu. Mpigaji wa kwanza huanza, wenzake humdakia mmoja baada ya mwingine kila mtu kwa zamu yake, ndipo wimbo unapopatikana. Kisha waimbaji huingia, ngoma hufuata, na wachezaji huzunguka. Ina maana kwamba fundi mmoja aliyebaki, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kupiga wimbo hata mmoja. Muziki huu ulikuwa wa shughuli za kifalme za Busoga, kwa hiyo falme zilipofutwa mwaka 1967 ulipoteza mwenyeji wake, na hata baada ya ufalme kurudi katika miaka ya 1990 wapigaji hawakurudi kwa idadi ile. Maombi yaliyopelekwa UNESCO yalieleza kwamba walikuwa wamebaki mafundi wazee 4 tu wenye ujuzi kamili, na kwamba juhudi zao za kuwafundisha vijana zilikwamishwa na ukosefu wa fedha. Mafundi 4 kwa muziki unaohitaji mabaragumu 5! Aliyesoma sentensi hiyo wakati ule hakuhitaji utafiti mwingine ili ajue la kufanya.

Linganisheni na nguo za magome, ambazo Waganda huziita olubugo. Wakati wa mvua fundi huubambua mti wa mutuba gome lake, kisha huufunika shina kwa majani ya migomba ili lisikauke, na gome jipya huota hata likafaa kubambuliwa tena. Gome la ndani hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, ikianza yenye mifuo mipana na kumalizia na yenye mifuo myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni, kwa maana likipigwa na jua mapema hukauka kabla halijanyooka. Kazi hii imebanwa na nguo za pamba tangu misafara ya wafanyabiashara ilipofika Buganda katika karne ya 19, lakini haijafa. Haijafa kwa sababu ina ukoo unaoitunza, ukoo wa Ngonge. Ina mti ambao mkulima wa kahawa bado anaupanda kwa ajili ya kivuli. Na zaidi ya yote ina mnunuzi, kwa kuwa familia nyingi za Buganda hazikubali kumzika mtu wao bila olubugo. Fundi, malighafi na mnunuzi vinapokuwepo, ujuzi hujiendesha wenyewe bila kusubiri mradi wa mtu. Kikikosekana kimojawapo, hapo ndipo serikali inapohitajika, na inahitajika kwa kitu kile hasa kilichokosekana.

Sasa nije kwetu. Kibiro ni kijiji kilicho chini ya genge la Ziwa Albert, na ardhi yake haifai kwa kilimo cha chakula. Wakazi wake wameishi kwa samaki na kwa chumvi, na uchimbaji wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba chumvi imetengenezwa pale kwa zaidi ya miaka 700. Kazi hiyo ni ya wanawake, na mashamba ya chumvi hurithiwa kutoka kwa mama hadi kwa binti. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili wakaione, na mwenyeji wetu, ambaye nitamtaja kwa empaako yake tu, Abwoli, aliwaonyesha hatua kwa hatua. Alimwaga udongo mkavu, laini kama unga, juu ya ardhi iliyolowa maji ya chumvi yatokayo karibu na chemchemi za maji moto. Jua lilipokuwa kali, unyevu ulipanda na kuingia katika ule udongo wa juu, ukaacha chumvi humo. Jioni aliukwangua kwa kipande cha chuma na kuurundika, ili kesho aumwage tena, na keshokutwa tena, mpaka ukolee. Udongo uliokolea hutiwa katika chombo chenye matundu chini, humiminiwa maji, na maji ya chumvi hudondoka katika chungu kilicho chini yake, ndiyo yanayochemshwa juu ya moto wa kuni hadi chumvi ibaki peke yake.

Mwanafunzi mmoja alimwuliza anajuaje kwamba udongo umekolea. Abwoli alichukua chembe chache, akazionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema bado siku moja. Kisha akamwonjesha mwanafunzi na kumwuliza yeye anaonaje. Mwanafunzi hakuona tofauti yoyote. Ndipo Abwoli akachukua chembe za rundo la jirani, lililokuwa tayari, akamwonjesha na hizo. Mara ya tatu yule kijana akaanza kutambua. Waheshimiwa, hakuna kamera inayoweza kurekodi jambo hilo, na mimi niliyekuwa nimesimama hapo na daftari sikuwa na cha kuandika.

Tuliporudi nilitaka Abwoli aje shuleni kwa wiki chache awasimamie wanafunzi katika mradi wao, kwa kuwa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye miradi ya vitendo inayotokana na mazingira yao. Ofisi moja niliyoiendea ilinijibu, kwa upole kabisa, kwamba fedha za wageni wa kufundisha haziwezi kulipwa kwa mtu asiye na cheti chochote. Simlaumu ofisa yule, maana alisoma kanuni kama zilivyoandikwa. Nawaomba ninyi mlio na uwezo wa kuziandika upya. Nchi hii ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa, na fundi seremala, fundi magari na mshonaji wamefaidika nao kwa miaka mingi. Sioni sababu ya mtengeneza chumvi wa Kibiro, mponda magome wa Mpigi au mpiga bigwala kuachwa nje ya utaratibu huo, ilimradi anayempima awe ni fundi wa kazi hiyo na si mtu aliyetumwa na fomu.

Mtaniambia kwamba maarifa haya yameandikwa na kuhifadhiwa, na kwamba teknolojia ya leo inaturahisishia kazi. Ni kweli, na mimi nayapenda maandishi, ndiyo kazi yangu. Lakini tunao ushahidi wa maandishi yanachoweza na yasichoweza, na ushahidi huo ni wa hapa hapa Bunyoro. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin alishuhudia mahali panapoitwa Kahura mganga wa Kinyoro akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mganga yule alimpa mgonjwa pombe ya ndizi ya kumtuliza, akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, akamtoa mtoto, kisha akafunga jeraha kwa pini za chuma na kamba za magome na kulipaka dawa ya mizizi. Mama na mtoto walipona. Felkin aliandika yote hayo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, na makala yake bado inasomwa na wanahistoria wa tiba duniani kote. Jina la mganga halimo. Muda mfupi baadaye Bunyoro iliingia katika vita vya miaka ya 1890, Omukama (mfalme) Kabalega akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli, nchi ikapigwa na njaa na maradhi, na ujuzi ule haukupata wa kuurithi. Makala ilisalia, mikono iliyojua namna ya kupasua na kufunga haikusalia. Tusichokijua leo kuhusu upasuaji ule, mizizi gani ilitumika na mafunzo yalichukua miaka mingapi, ndicho hasa ambacho mwanafunzi wa mganga angekijua bila kuambiwa.

Vivyo hivyo kuhusu sauti. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi muziki wa jamii nyingi, na rekodi hizo zimetunzwa London katika Maktaba ya Uingereza, nakala zake zikiwa zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni hazina kubwa, na ningependa kila shule yenye kompyuta iweze kuisikiliza. Ila kijana anayetaka kupiga ala hizo anahitaji mtu wa kumshika kidole na kukiweka panapostahili, tena na tena, jambo ambalo rekodi haiwezi kulifanya hata iwe safi namna gani.

Kuna pia ardhi, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini na Wabunge. Ujuzi wa Kibiro hauwezi kuhamishwa kwa lori. Ukanda wote wa mashariki ya Ziwa Albert umeingia katika mipango ya mafuta, na Kibiro penyewe pamekuwa pakichunguzwa kwa ajili ya jotoardhi, kwa sababu ya maji moto yale yale yanayoleta chumvi. Sipingi umeme wala mafuta; wanafunzi wangu wanasomea mwangaza wa taa, na baadhi ya ndugu zao wamepata ajira huko. Naomba tu kwamba tathmini ya athari inapofanywa, mashamba ya chumvi yahesabiwe kuwa kazi na mali ya wanawake wanaoyamiliki kwa urithi, yasije yakaandikwa kuwa ardhi tupu isiyolimwa.

Tumekwisha kuona kinachotokea pasipokuwa na hesabu hiyo. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipogeuzwa kuwa mbuga za taifa, Watwa waliokuwa wakiishi kwa misitu hiyo walitolewa, na wengi wao hawakupata ardhi. Mahakama ya Katiba, katika hukumu yake ya Agosti 2021, ilikubali kwamba kuondolewa kwao bila fidia ya kutosha kuliwaacha bila ardhi na katika ufukara. Leo Mgahinga kuna njia ya watalii ambapo Mtwa huingia msituni kumwonyesha mgeni namna babu zake walivyowasha moto, walivyorina asali na walivyotumia mimea kama dawa. Ni ajira halali na siidharau. Lakini mzee anayeruhusiwa kuingia msituni kumfundisha mtalii aliyelipa, na haruhusiwi kuingia humo kumfundisha mjukuu wake, yuko katika hali ambayo sioni namna ya kuieleza mbele ya darasa. Mamlaka ya wanyamapori inaweza kuweka siku na maeneo maalumu ambapo wazee na watoto wa Kitwa wataingia kujifunza, bila bunduki wala mitego, na mbuga isipungukiwe na chochote.

Kuhusu tiba nitasema machache, kwa kuwa sheria ipo tayari. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba ya Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2019, inayoweka baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga. Tangu mwaka 2005 tuna kanuni za kugawana faida itokanayo na rasilimali za mimea na viumbe, mwaka 2014 tulijiunga na Itifaki ya Nagoya yenye lengo hilo hilo, na mwezi Mei mwaka 2024 shirika la dunia la hakimiliki lilipitisha huko Geneva mkataba unaomtaka anayeomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, itokanayo na mimea au maarifa ya asili aeleze ameyatoa wapi. Yote hayo ni mema, ila mganga wa kijijini hajui kwamba yapo. Akija mtafiti na fomu ya Kiingereza, mzee huchagua kati ya kuweka dole gumba bila kuelewa na kunyamaza, na wengi huchagua kunyamaza, kisha tunawaita wachoyo. Fomu hizo na ziwe katika lugha ya mahali, zisomwe mbele ya watu wa jamii yake, na nakala ibaki kwake.

Wala sitetei kila kilicho cha zamani. Wanaowang'oa watoto wachanga vichipukizi vya meno kwa madai ya kutibu homa, kile kinachoitwa ebiino, wanaua watoto, na ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2010 kwa haki kabisa. Yanayofundishwa yapimwe. Lakini upimaji unahitaji anayejua awepo ili aulizwe.

Niseme la mwisho kuhusu lugha, ambalo linanihusu kwa ajira yangu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi kuliko wengi. Nisingependa hata hivyo furaha yangu iwe kilio cha Runyoro, Lusoga au Kisoo, lugha ya milima ya Moroto, Kadam na Napak ambayo wanaoizungumza ni wazee wachache mno. Mtaala unaotaka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya mahali ulianza mwaka 2007, lakini katika shule nyingi mzazi hujivunia mtoto anayesahau lugha hiyo mapema. Kiswahili kinaweza kusaidia kwa njia moja: kama vitabu vyetu vya ufahamu vitaeleza chumvi ya Kibiro, mutuba na bigwala, mtoto wa Gulu atayasoma ya Busoga, na mtoto wa Kigoma au Mombasa atayasoma ya Uganda. Walimu wa Kiswahili tuko tayari kuandika vifungu hivyo, na tunahitaji kituo cha taifa cha mitaala kituite.

Ninachoomba, basi, ni posho ya kila mwezi kwa fundi mzee wa kazi iliyo hatarini, kwa sharti la kuwafundisha vijana wawili au watatu, na posho ndogo kwa vijana hao ili wasikimbilie bodaboda kabla hawajaiva. Ni vyeti kwa mafundi hao ili shule ziweze kuwalipa kihalali. Ni kauli ya Wizara ya Elimu kwa wakuu wa shule kwamba mradi wa mwanafunzi chini ya fundi wa kijijini unahesabiwa sawa na mradi wa maabara. Kwa mafundi wa hayo 5 yaliyoorodheshwa, tuanze na hao, gharama yake sidhani itazidi ya semina chache za hoteli za Kampala na Entebbe, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Waraka wa mfumo wa bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Naomba safari hii uwe na kifungu chenye jina la posho ya mafundi wa urithi, chini ya Wizara ya Jinsia, chenye kiasi cha fedha na idadi ya wanafunzi watakaofundishwa, ili Wabunge waweze kuuliza mwaka unaofuata wamefundishwa wangapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Hoima